Kibao Ulichokipaka Mafuta ya Nazi

Kaka Juma, uliyenitangulia katika tumbo la mama,

Nisamehe mwandiko huu mbaya. Naandika kwa mkono wa kushoto, maana vidole vya kulia vimevimba. Jana ndugu zake Bakari walinivizia njia ya Pongwe nikitoka kazini. Wawili walinikamata, wa tatu akauweka mkono wangu juu ya jiwe na kuukanyaga kwa kisigino cha kiatu.

"Karani, nduguyo yuko wapi?"

Nililia tu. Akakanyaga tena.

Tangu hapo nakikumbuka kile kibao chetu cha mpira wa meza. Tulikikata barazani kwa mama kutoka sanduku la chai, tukakipiga msasa siku nzima. Ulikipitisha shavuni ukasema, "Laini kuliko shavu la mchumba wako." Nami sikuwa na mchumba, nawe ulijua.

Nilikuwa nimepata vanishi kidogo ndani ya kopo. Nilitaka tuipake nyembamba kwa kitambaa, ikauke, tuipige msasa kidogo, tupake tena, ili jasho lisiingie kwenye mbao, na siku ya kubandua raba ya kupigia iliyochakaa isitoke na nyuzi za mbao. Ukaninyang'anya kopo.

"Wewe bwana na vitabu vyako! Mbao hainywi dawa hizo. Ipake nazi."

"Kaka, hii mbao imetoka mlimani."

"Imeshateremka pwani. Itakula tunachokula."

Ukachukua mafuta ya mama ukakisugua mpaka kikang'aa. Nani angekulaumu? Kwetu bakora inapakwa nazi, mpini wa jembe nazi, hata mlango. Kisha tukabandika raba kwa solusheni ya kuzibia mipira ya baiskeli. Tulipoibonyeza tuliona imeshika. Kumbe ilikuwa imelala tu juu ya mafuta.

Siku ile klabuni kwa makarani ulikuwa unamshinda Bakari. Ukapiga mpira kwa nguvu, raba ikabanduka ikaangukia upande wake wa meza. Akaiokota, akainusa, akawageukia watu.

"Jamani, nazi! Hii raketi au kikaango? Mama yao anangoja kukaangia vitumbua, wao wamekimbia nacho!"

Watu wakaangua kicheko. Ungeweza kucheka nawe, kaka, wewe uliyekuwa ukicheka hata msibani. Ila hakunyamaza. "Mwiteni basi mama yao aje afute meza."

Ulimpiga kwa ukingo wa kibao. Nilisikia mfupa. Alipoanguka ulimkalia kifuani ukaendelea, damu inaruka mpaka kwenye wavu, nami nakuvuta shati mpaka likachanika. Nilipiga kelele, "Kaka, basi! Kaka, utaua!" Ukageuka ukaninyanyulia kibao mimi. Uso ule sikuwahi kuuona. Kisha ukakitupa, ukapita dirishani.

Bakari hakufa. Jicho la kushoto limepotea na taya limefungwa kwa kitambaa, ananyweshwa uji. Nduguze hawataki polisi wala fidia. Wanataka jicho lako, na wamenionyesha kisu watakachotumia.

Nakuogopa, kaka. Nikifumba macho naona mkono wako umenyanyuka juu yangu. Na bado asubuhi nikiamka nageukia upande wako wa kitanda nikuambie jambo. Mama haulizi habari zako. Jana alinifunga vidole kwa majani ya moto, akasema, "Waambie, mwanangu. Wasije wakanichukulia wote wawili." Halafu akaniziba mdomo kwa kiganja chake, akalia.

Ijumaa watarudi wakitoka msikitini. Unanijua. Tangu utotoni nilikuwa nikisema kabla sijachapwa. Jana nilinyamaza kwa sababu maumivu yalinikata sauti, si kwa ushujaa. Ijumaa nitasema. Nitataja kijiji, nyumba, hata jina la aliyekupokea.

Kwa hiyo shangazi akikuletea barua hii, usilale hapo tena. Usimuage mwenyeji wako. Usimwambie shangazi unaelekea wapi, na mimi usiniandikie kamwe, hata mama akifa, hata mimi nikioa. Nataka wanipige nikiwa sijui.

Nenda, kaka.

Mdogo wako