Bomba la Baba na Wadudu wa Waridi

Nyakato, Musoma
19 Machi 1995

Mpendwa mdogo wangu Leodgar,

Salamu nyingi zikufikie huko Arusha. Hujambo? Kifua cha wifi Hana kimepona? Sisi tunapumua tu. Nimechoka, mdogo wangu, tena sana.

Miche ya waridi ndiyo inayotulisha tangu nipunguzwe kazi. Nilifuata ulivyonielekeza kutoka kwenye shamba lenu la maua: mche uliozidiwa na vidukari, vile vidudu vinavyofyonza majani, naupaka dawa kidogo kwa brashi, mingine nawaachia wale wadudu wekundu wenye madoa meusi. Wanawala vidukari kweli! Kitalu kilipendeza.

Mwezi wa kwanza nilimchukua Baba kutoka Manyamanyama, maana miguu imemkatalia kulima. Alikuja na bomba lake la kupulizia pamba na dawa yake. Siku moja nimekwenda Mwigobero kununua dagaa, huku nyuma akapuliza kitalu kizima. Unamjua, kwake mdudu ni mdudu. Nilirudi nikakuta wale wekundu wamelala chini wamekufa, naye amekaa anangoja nimshukuru. Nikamshukuru.

Wiki mbili tu vidukari wakarudi kwa fujo, na wa kuwala hayupo tena. Majani yakajikunja, nusu ya miche ikafa. Baba akapuliza tena. Nilikasirika, lakini ningemwambiaje mzee yule kwamba ndiye aliyeiua?

Nikaficha dawa, nikawa namjazia bomba maji ya sabuni. Nikaokota wekundu wengine kwenye ua wa kanisa, nikawaleta ndani ya kiberiti. Miche mitatu iliyozidiwa nikaipaka dawa kwa siri, Baba akiwa amelala. Sasa inachipua, ila kumdanganya mzazi kunachosha kuliko kulima.

Juzi akaniita. "Justina, hii ni sabuni. Mimi nimepulizaga pamba miaka thelathini, harufu ya dawa naijua."

Niliona aibu, sikuweza kumtazama.

"Nijazie tu, mwanangu," akasema. "Nisipopuliza nitafanya nini kutwa nzima?"

Tangu siku hiyo namjazia maji ya sabuni mbele ya macho yake. Njoo Pasaka, Leodgar, umkute angali na nguvu ya kulibeba bomba lake.

Nisalimie Hana, mtoto wenu Kwangu na mama mkwe wako Ursula. Mungu awatunze, awape usingizi mzuri kuliko wangu.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako Justina