Sita Igawanywe kwa Ngapi

Kikuyu, Dodoma
11 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na presha inaendelea kushuka kama ulivyonieleza Krismasi. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na ndiyo maana naandika kwenye karatasi. Simu yako husomwa na wajukuu wote kabla haijakufikia.

Unamjua Dk. Sostenes, msimamizi wangu wa chuo, mwenye mradi wa presha za wazee hapo kwenu Chamwino. Miezi minane nimemfanyia kazi. Nimeingiza vipimo vya wazee arobaini na tisa, kila mmoja mara mbili: kabla hajaanza kutembea na kupunguza chumvi, kisha baada ya miezi mitatu. Hesabu zote nimefanya mimi. Ripoti nzima, ukiondoa ukurasa wa shukrani, nimeandika mimi. Ijumaa kaisoma mbele ya idara. Majina kwenye jalada ni matatu, langu halimo. Nilipomuuliza mbele ya watu akacheka, akasema, "Restuta alikuwa anaingiza data tu." Wakacheka naye, hata wale ninaowafundisha mimi kutumia kompyuta.

Baba angekuwepo ningemwambia yeye. Hayupo, umebaki wewe. Nakuapia, shangazi, yule mtu atanitambua. Ripoti ile ina mahali inapovunjika, na mahali hapo napajua kwa sababu nilipajenga mwenyewe. Mwezi ujao wafadhili wanakuja kuisikiliza, na mimi nitakuwa ukumbini.

Mwanao,
Restuta


Chamwino
17 Machi 2024

Mbukwa mwanangu Restuta,

Marahaba. Sisi wazima, goti tu ndilo linanisumbua nikikaa sana. Ibrahimu wa mbogamboga kanipa barua yako juzi, nikaisoma mara mbili, ya pili nimesimama maana hasira ilikataa kukaa.

Huyo Sostenes amekula kwangu! Siku ile wanaanza mradi nilimpikia ugali wa uwele na mlenda, nikaongeza na kuku, maana nilisema huyu ndiye anayemlea mwanangu chuoni. Akala, akanawa, akaniambia, "Mama, binti yenu ni kichwa." Kumbe kichwa cha kubebeshwa mzigo. Sasa nikimwona amekuja na lile gari lao naingia ndani nafunga mlango.

Wala usishauriane na watu wa kukuambia usamehe. Mtu kakunyang'anya jina lako mchana kweupe na wewe unakaa unalia huko Kikuyu? Mpige. Lakini mimi nimeishia darasa la saba, nataka kujua anapigwa na nini. Kadanganya wapi? Maana mimi mwenyewe nimo kwenye hao arobaini na tisa. Yule nesi wetu, Asma, alinipima mwanzo nikawa 172, akaja kunipima tena nikawa 158. Tunatembea kila asubuhi na mzee Meshack na wenzetu mpaka barabara kuu na kurudi. Sasa kama hesabu ni ya uongo niambie.

Shangazi yako,
Yudith


Kikuyu, Dodoma
2 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena, na pole na goti. Nimekuletea dawa ya kuchua kwa mkono wa Ibrahimu, uipake baada ya kuoga.

Umeniuliza anapigwa na nini. Keti nikueleze. Wewe umepimwa mara mbili, 172 na 158. Hiyo ni jozi. Tofauti yako ni kumi na nne. Mwingine ameshuka tatu, mwingine ameshuka kumi, wapo hata waliopanda. Tukichukua tofauti za wote arobaini na tisa tukatafuta wastani, tunapata sita. Mpaka hapo hakuna ubishi.

Sasa wasomi huuliza: sita ni kubwa au ni ndogo? Hapo tunatafuta kitu kinachoitwa ukubwa wa athari. Unaichukua sita unaigawanya kwa mtawanyiko, yaani kwa namna watu walivyoachana. Lakini kuna mitawanyiko miwili. Wa kwanza ni wa zile tofauti zenu: aliyeshuka tatu na aliyeshuka kumi wameachana kiasi gani? Huo ni saba na nusu. Wa pili ni wa presha zenyewe: mwenye 130 na mwenye 180 wameachana kiasi gani? Huo ni ishirini. Gawanya kwa ule wa kwanza, unapata 0.8. Gawanya kwa wa pili, unapata 0.3. Na vitabuni kuna vipimo vya kukadiria ambavyo kila mtu anavishika kama amri: 0.2 ndogo, 0.5 ya kati, 0.8 kubwa.

Sostenes ameandika 0.8, akaandika "kubwa," na hajasema popote amegawanya kwa nini. Rasimu yangu ilikuwa na zote mbili na maelezo yake. Yeye akafuta ndogo akabakiza kubwa. Huo ndio uongo wake, shangazi. Nikisimama mbele ya wafadhili nikaonyesha 0.3, hana pa kujificha. Lakini nikwambie mapema: wanaweza kukasirika wakaufunga mradi. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Restuta


Chamwino
7 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Dawa imefika, inawasha lakini inasaidia.

Wafunge. Miguu ni yetu, barabara hawaiondoi. Tulitembea kabla yake na tutatembea baada yake. Mtu mwongo asilelewe kwa sababu analeta nesi.

Jambo moja tu halijaniingia. Ile sita yenyewe, ni ya kweli au si ya kweli? Nijibu hilo, mengine nimeelewa.

Mpige.

Shangazi yako,
Yudith


Kikuyu, Dodoma
26 Aprili 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo! Leo sikuulizi hali, najua ukisoma hii utapona kila kitu.

Imekwisha. Ukumbi ulijaa: wakuu wa chuo, watu wa wizarani, wafadhili watatu mstari wa mbele. Sostenes kavaa suti ya bluu, kaongea nusu saa. "Athari ni kubwa, sifuri nukta nane." Makofi. Ulipofika muda wa maswali nikanyanyua mkono. Alinipa nafasi huku anatabasamu, nadhani alijua nimekuja kuomba radhi.

Nikauliza, "Daktari, sita umeigawanya kwa ngapi?"

Akasema hesabu hizo ni za kitaalamu, tutaongea baadaye ofisini. Nikasema, "Hapana, tuongee sasa, mtaalamu nipo." Nikaenda ubaoni. Nikaandika saba na nusu, nikaandika ishirini. Nikamwomba atuambie mbele ya wote kwa nini alichagua mgawanyo mmoja na kuufuta mwingine. Shangazi, ungemwona! Alianza kutafuta miwani, nayo ameivaa. Alisema tarakimu ziliandaliwa na msaidizi. Nikamjibu, "Msaidizi gani? Si ulisema alikuwa anaingiza data tu?" Ukumbi mzima ukaguna.

Mama mmoja wa wafadhili akanigeukia mimi, akamwacha yeye. "Kwa hiyo, binti, kwa jibu moja: kubwa au ndogo?"

Nikasema, "Ndogo."

Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu Machi. Watu walionicheka wananisalimia kwa jina kamili. Sostenes anapita kandokando ya ukuta kwenye korido kama mgeni. Bado sijashiba, nakwambia ukweli. Nikikumbuka kile kicheko chake natamani aanguke tena.

Mwanao,
Restuta


Chamwino
30 Juni 2024

Restuta mwanangu,

Marahaba. Sisi tunaendelea, ingawa si kama mwanzo.

Nilifurahi kwa barua yako, nikawasimulia na wenzangu, tukacheka sana habari ya miwani. Hiyo ilikuwa Aprili. Mei mradi ukafungwa. Asma alikuja kuaga, akachukua na mashine. Kabla hajaondoka ofisa mmoja alituita chini ya bati la ofisi ya kijiji akatusomea karatasi: utafiti umeonyesha kwamba faida ya mazoezi na kupunguza chumvi ni ndogo.

Ndogo. Watu wamelishika neno hilo. Mzee Meshack alisema mbele ya wote, "Kumbe nimekula mboga chapwa mwaka mzima kwa faida ndogo?" Siku hiyohiyo akarudi kwenye chumvi yake. Nilimfuata mlangoni asubuhi akanikatalia, akasema wenye elimu wamesema. Tulikuwa arobaini na tisa. Sasa tunatembea wanne.

Mimi nilisema tutatembea wenyewe. Sikujua kwamba watu hutembezwa na mashine ya kupimia zaidi ya miguu. Hilo ni kosa langu, sikutupii.

Lakini nilikuuliza ile sita ni ya kweli au la. Hukunijibu.

Shangazi yako,
Yudith


Kikuyu, Dodoma
12 Julai 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Pole na habari za mradi. Mimi mzima ila nimebanwa na kazi, nimepewa darasa la takwimu la mwaka wa kwanza, lile lililokuwa la Sostenes. Hesabu zile ni ndefu kueleza kwa barua, nikija Chamwino nitakueleza vizuri. Waambie tu watu waendelee kutembea, kutembea hakumdhuru mtu.

Mwanao,
Restuta


Chamwino
21 Agosti 2024

Restuta,

Meshack amepata kiharusi Jumapili akitoka kanisani. Upande wa kulia wote umelala. Mkewe anamlisha kwa kijiko, na akitaka kusema linatoka neno moja tu na hatulielewi. Asma alipokuwa anatupima, Meshack alikuwa ameshuka mpaka 146. Hakuna aliyempima tangu Mei, kwa hiyo sijui alikuwa amepanda mpaka ngapi.

Sisemi ni wewe. Chumvi kala yeye. Lakini nimekaa kando ya kitanda chake na barua yako ya "Ndogo" nikaisoma tena, na sasa nataka jibu. Usinipe la kuja kunieleza. Niandikie kwa mkono wako: ile sita ni ya kweli? Na ile 0.8 ya Sostenes, ilikuwa uongo?

Yudith, shangazi yako


Kikuyu, Dodoma
3 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne nikachana.

Sita ni ya kweli. Ilikuwa ya kweli tangu siku ya kwanza. Katika arobaini na tisa, thelathini na tisa mlishuka. Jaribio la jozi lilionyesha wazi kwamba si bahati.

Na 0.8 haikuwa uongo. Ni jibu la swali lake. Ukigawanya kwa mtawanyiko wa tofauti, unauliza: watu wameshuka kwa kufuatana kiasi gani, au kila mtu na lwake? Jibu ni kwamba mlifuatana sana. Ukigawanya kwa ishirini, unauliza: ukilinganisha na jinsi wazee wanavyotofautiana wenyewe kwa wenyewe, sita inaonekana? Hapo inaonekana kidogo, kwa sababu mwenye 130 na mwenye 180 wako mbali mno. Hayo ni maswali mawili, yote halali. Kosa la Sostenes ni kuficha moja. Ni kosa, lakini la kusahihishwa kwa mistari miwili.

Na "ndogo" ya vitabuni haina maana ya ndogo kwenye mishipa ya mzee. Sita ikishuka kwa watu wengi, kiharusi kinapungua. Hilo nalifundisha darasani. Yule mama aliponiuliza kubwa au ndogo, nilipaswa kusema, "Wazee wameshuka sita, na kwa presha sita ni kitu." Maneno yalikuwa mdomoni. Nikamtazama Sostenes anavyotoka jasho, nikaona nikisema hivyo atapumua. Sikutaka apumue. Nikasema ndogo.

Nilijua, shangazi. Nilijua hata nilipokuandikia kwamba amedanganya. Wewe ulinipa ruhusa ya kumpiga mwongo, na mimi sikukuambia kwamba nusu ya uongo ilikuwa yangu.

Nakuomba barua hii uichome. Nitakuja kumwona mzee Meshack.

Mwanao,
Restuta


Chamwino
15 Septemba 2024

Restuta,

Marahaba.

Sikuichoma.

Sostenes alikuja Jumanne kumwona Meshack. Hakuja na gari la mradi, alikuja na pikipiki, amekonda. Sikufunga mlango. Nilimpa kiti, nikampa maji, halafu nikampa barua yako akaisoma yote palepale mbele ya mgonjwa. Alipomaliza alitaka kuikunja aitie mfukoni. Nikamwambia hapana, kwanza tusikilizane.

Nikamwambia wewe ulimnyang'anya mwanangu jina lake, na ndipo yote haya yalipoanzia, wala usijione mtakatifu. Nikamwambia wafadhili waitwe tena, ripoti isomwe upya, 0.8 na 0.3 ziandikwe pamoja na kila moja iseme imegawanywa kwa ngapi, na ile sita iandikwe juu ya zote. Na nikamwambia jina la Restuta liwe la kwanza kwenye jalada. Mwisho akakubali. Amekubali kwa sharti moja, na mimi nimelipokea: barua yako itasomwa pamoja na ripoti, neno kwa neno, ili wafadhili wajue kwa nini walifunga. Karatasi ameondoka nayo.

Ulipokuwa unamtaka yeye, nilikuambia mpige, na ningekuambia tena. Lakini ulinifanya mimi nicheke habari ya miwani huku ukijua. Meshack naye alicheka siku hiyo, alicheka sana. Kwa hilo sikusamehe, na sitaki mtu anishauri.

Ameniletea habari kwamba wafadhili wamekubali kuja: ni Alhamisi hii, saa nne, ukumbi uleule. Nitakuwepo, nitakaa mstari wa mbele na mke wa Meshack. Njoo. Jina ulilolitaka litasomwa la kwanza, na watu wote watageuka kukutazama.

Shangazi yako,
Yudith