Maziwa ya Kasrini

Kasrini, mwezi wa kwanza, mwaka wa pili wa Mfalme

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mgongo umepunguza kukusumbua. Mimi mzima, ila kifua kinaniuma. Mwanangu, kifaranga wangu, hajambo? Anayakubali maziwa ya mbuzi au bado anayatema?

Nimepewa chumba kikubwa kuliko nyumba yetu na ua wake. Kitanda cha Mwana wa Mfalme kiko katikati, changu kiko miguuni pake. Dirisha ni moja, nalo linatazama zizi la farasi. Nilidhani ni dharau, kumbe ni sheria. Msimamizi wa chumba alinieleza kwamba mama wa ziwa, anayemnyonyesha mtoto wa mwenzake kama mimi, hatakiwi kusikia mtoto mwingine akilia, kwa sababu maziwa humkimbilia yeyote anayelia, na haya sasa ni ya Mfalme. Wananilisha kutwa nzima. Nanenepa kama ng'ombe wa maziwa, na ndivyo nilivyo.

Najua Malkia hana maziwa na mtoto hana kosa. Hata hivyo, alipolia mara ya kwanza maziwa yalinitoka yenyewe, nami nikamchukia.

Wameahidi nitarudi nyumbani akiachishwa ziwa, akitimiza miaka miwili. Hofu yangu ni moja tu, kwamba mwanangu atanisahau. Nimekutumia kitambaa nilichokuwa nikijifunga kifuani. Kina harufu yangu. Mlaze juu yake kilivyo.

Mwanao

*

Nyumbani, mwezi wa pili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Maziwa ya mbuzi anayanywa sasa, kwa masharti yake.

Kitambaa kilifika. Mwanangu, nimekifua. Nilifungua furushi kabla ya barua, nikaona madoa, na mkono wa dobi haungoji akili. Nilipokuja kusoma ulichoandika kilikuwa kimeshaanikwa, cheupe, hakina lolote la kwako. Nilimlaza juu yake hivyo hivyo. Alikinusa, akageuza kichwa, akalia mpaka sauti ikamkauka.

Sijui nikuombe radhi vipi. Siku hizi namlaza kifuani kwangu, ndipo anaponyamaza. Nitumie kingine. Safari hii nitamwita jirani akifungue, mimi nikae mbali na beseni.

Mama yako

*

Kasrini, mwezi wa nane

Mama,

Shikamoo. Ulivyosema habari za jirani nilicheka peke yangu, kisha nikalia. Usijilaumu. Ila sina kingine cha kutuma. Msimamizi amejua habari za kile kitambaa, akaniambia kwamba hata harufu ya kifua changu ni mali ya kasri. Sasa vitambaa vyangu vinachukuliwa kila jioni.

Bwana Mdogo ameota jino. Aliniuma, nikaruka, naye akacheka, nikajikuta nacheka naye. Halafu nikakumbuka kwamba wangu pia atakuwa ameota, na sikuwapo. Mama, nampenda huyu mtoto. Nilikuja nimeazimia kutompenda na nimeshindwa. Usimwambie mtu.

Mwanao

*

Nyumbani, mwezi wa tatu, mwaka wa tatu wa Mfalme

Mwanangu,

Marahaba, na pole na ukimya wangu. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa naogopa kuandika.

Kifaranga anatembea. Anavuta nguo za watu kwenye kamba na kuziburuta uani, nami nafua upya bila malipo. Na anasema. Neno lake la kwanza lilikuwa mama, na aliniambia mimi. Nikamwambia mimi ni bibi, mama yako yuko kasrini. Akacheka, akarudia. Kila siku namsahihisha na kila siku ananishinda. Namwonyesha kwa mkono upande wa kasri, naye anaangalia mkono.

Mungu anajua sikukuibia. Njoo upesi.

Mama yako

*

Kasrini, mwezi wa kwanza, mwaka wa nne wa Mfalme

Mama,

Shikamoo. Furushi langu lilikuwa limeshafungwa. Walinipaka shubiri kifuani ili aache ziwa. Alionja, akakunja uso, akaifuta kwa kiganja na kuendelea. Wakanihamishia upande mwingine wa kasri. Akakataa chakula, akapata homa, akawa anaita jina langu milangoni.

Mfalme aliniita mwenyewe. Ameamua nibaki kama mlezi mpaka mtoto atimize miaka saba. Nilipiga magoti nikamwambia nina wangu. Alinisikiliza kwa upole sana, na upole wake ndio ulionimaliza, kwa sababu niliona hautabadili neno.

Amenipa ruhusa ya siku moja. Nakuja siku ya soko.

Mwanao

*

Kasrini, mwezi wa pili

Mama,

Shikamoo. Nilifika salama. Askari aliyenisindikiza alitembea mbele njia nzima ili asinione uso.

Nilipokuja, ulimshika Kifaranga bega ukamsogeza kwangu, ukasema huyu ndiye mama yako. Ulifanya haki. Lakini nimelea, na najua kilio cha deko na kilio cha hofu. Alikung'ang'ania kiuno akitetemeka. Alidhani nimekuja kumtoa kwa mama yake. Ulipoinua mkono kumchapa, hapo ndipo niliposema naondoka, jua likiwa bado juu.

Ni miaka mitano mingine. Usimfundishe tena kwamba mama yake yuko mahali asipopaona. Mwambie mimi ni dada yake, nafanya kazi kasrini. Dada hamtishi mtoto. Huenda siku nyingine akakubali kukaa mapajani mwangu, na hilo litanitosha.

Nimeandika uongo. Halitanitosha. Lakini mwambie hivyo hivyo.

Mwanao

*

Nyumbani, mwezi wa tano, mwaka wa tano wa Mfalme

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama mzima. Mbuzi mzima.

Mama ndiye anaandika, mimi ndiye nasema. Mama anasema zamani ulikuja nikalia. Nilikuwa mdogo. Sasa mimi mkubwa, silii.

Njoo tena. Nitakupa kiti changu. Ukiumwa, Mama atakulaza kifuani kwake, mimi nitasogea kidogo.

Mama ameacha kuandika. Nimemwambia aandike, ameandika.

Dada, na wewe una mama?

Mdogo wako