Breki Masta ya Vyumba Viwili

Gitting, Hanang
9 Agosti, 2003

Kaka yangu mpendwa Yoakimu,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, wewe na shemeji na watoto, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la kiwandani kimepungua. Sisi huku hatujambo, ila baridi ya mwaka huu ni kali. Tangu nianze kulala na koti, Monica anasema ameolewa na mlinzi.

Mama anakusalimu sana. Mkono wake umepona, ingawa kiganja bado hakigeuki vizuri. Juzi nilimkuta anapura maharage kwa fimbo, kwa mkono huohuo. Nilipomwambia apumzike, akaniuliza kama nimekuja kumpokea fimbo. Nikakumbuka kwamba nina kazi upande wa pili wa boma.

Kaka, asante. Breki masta uliyotuma kwa basi ilifika salama, imefungwa kwenye fulana zako za zamani, na fulana zenyewe nazivaa. Enzi zile tuliomba spea kwa barua tatu na kujibiwa kwamba hakuna; leo unaingia dukani unachagua. Spea tumepata, mkoa mpya tumepata. Barabara ya kwetu ndiyo bado haijapata habari.

Najua ufundi haukupendezi, lakini nikueleze umefanya nini. Ile ya zamani ilikuwa na chumba kimoja cha mafuta kinacholisha breki za magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, huna breki ya kusimamisha hata kuku. Hii ina vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, upande mmoja ukifa mwingine unabaki. Land Rover yako ya mwaka sitini na nane haikuzaliwa nayo, kwa hiyo ilibidi mabomba yagawanywe na mahali pa kuifungia patobolewe upya.

Uliandika kwamba aifunge fundi yeyote, ila asiwe Gidabuday. Nilijaribu kutii. Nilimleta Theodory kutoka Katesh. Akalizunguka gari mara mbili, akapiga teke tairi, akasema gari hili analijua Gidabuday peke yake, akaomba nauli ya kurudi.

Basi nikamfuata Gidabuday. Unakumbuka mwaka jana alibadilisha raba za breki, na wiki hiyohiyo breki zikakataa kwenye mteremko, tukaingia shamba la ngano la jirani yetu Zita na Mama akavunjika mkono. Kikao cha kijiji kikamtoza mtamba, tukapewa sisi, kama ulivyodai katika barua yako. Tangu siku ile hakuna aliyempelekea hata baiskeli. Amerudi kuchunga ng'ombe wa baba yake, mtu mwenye mikono kama ile. Nilimkuta bondeni, nikatarajia kupigwa fimbo. Aliniuliza tu, Baba Judith, spana unazo au nibebe zangu?

Alifanya kazi siku tatu. Alikunja mabomba kwa goti lake, akanifanya nikanyage pedali mpaka paja likawaka moto, yeye akiwa chini anatoa upepo mabombani na kunipigia kelele kwamba mguu wangu ni mvivu kama mwenyewe. Siku ya tatu akalegeza bomba la mbele kwa makusudi, mafuta yakimwagika, akaniambia niteremke na gari polepole kwenye nyasi na nikanyage. Kaka, nilikanyaga huku nimefumba macho. Gari likasimama kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Nikashuka, nikamkumbatia na grisi zake zote.

Sasa kaa chini, na shemeji akutoe kikombe mkononi.

Mwaka jana Gidabuday alipomaliza raba, aliniambia gari lisitoke mpaka alete mafuta ya breki ya kujazia, kwa sababu yaliyokuwepo hayatoshi. Judith alikuwa amejifungua kule Bashay, Mama ameshaandaa samli ya mzazi, na mimi nilikuwa na haraka ya kuitwa babu. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Jioni nikayeyusha samli kidogo jikoni, nikajazia kwenye breki. Asubuhi, na baridi unayoijua ya Gitting, iliganda. Pale mteremkoni pedali ikawa ngumu kama jiwe. Mtu aliyemvunja Mama mkono ni mimi. Na kwenye kikao nilikaa nikitazama viatu vyangu wakati mwenzangu anatozwa mtamba.

Gidabuday alipofungua ile masta ya zamani, alikuta weupe ndani. Akachota kwa kidole, akanusa. Akanitazama, akaniuliza mjukuu wangu anaendeleaje. Akaosha bomba moja baada ya jingine kwa spiriti.

Jana nilimwambia nitamrudishia mtamba, ambaye sasa ana ndama. Akasema ng'ombe si kitu. Anataka maneno yasemwe palepale aliposemwa yeye. Kikao ni Jumamosi ijayo, kwa hiyo barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshasema. Mtamba na ndama wake nitawapeleka, apende asipende. Ninachokuomba wewe, mkubwa wetu, ni kumwandikia hata mistari miwili. Faini ilidaiwa kwa jina lako.

Mama nimemwambia leo asubuhi. Alimalizia chai yake. Kisha akasema kwenye kikao atakwenda kwa gari, ila ataendeshwa na Gidabuday, kijiji kizima kione; mimi nifuate nyuma kwa miguu na ng'ombe.

Monica na Judith wanawasalimu. Mpe shemeji shikamoo yangu, wabusu watoto. Nashukuru kwa masta, na nitashukuru zaidi ukinisamehe.

Ni mimi mdogo wako,
Vicent Akonaay