Majina Mia Nane kwenye Seva

Homa Bay, 4 Machi 2025

Omera Caleb, ndugu yangu,

Natumaini wewe na mkeo Liz mko wazima huko Migori, na kile kifua kimetulia. Sisi tu wazima, ila moyo wangu hautulii.

Alhamisi hapa wodini tulipokea mama aliyejifungua na damu haikomi. Nikafungua tovuti yetu ya wachangiaji damu. Ilizunguka tu, dakika arobaini. Mwishowe nilimpata mtu mmoja kwa sababu namba yake naijua kwa kichwa. Wewe ndiye uliyeijenga. Niambie shida ni nini. Siku nyingine sitakumbuka namba.

Dada yako,
Benta

Migori, 7 Machi

Dada Benta,

Kifua kimepona, na Liz anakusalimu sana.

Tovuti yetu imekuwa ikikaa kwenye kompyuta moja na tovuti za watu wengine, kama mpangaji kwenye ploti yenye bomba moja. Jirani yetu ana tovuti ya kubashiri mechi, na siku ya mechi anamaliza maji yote. Nimeamua tukodi seva nzima, yaani mashine ya kuhifadhi tovuti yetu peke yetu. Ila huko hakuna wa kututunzia. Kuanzia kufuli hadi usafi, yote ni juu yangu. Jumapili asubuhi nitahamisha majina yote 812.

Ndugu yako mdogo,
Caleb

Homa Bay, 18 Machi

Omera,

Hamjambo huko? Hapa mvua imeanza, tunashukuru.

Tovuti sasa inafunguka kabla sijainua kidole. Wenzangu wodini wanakusifu. Lakini umesema yote ni juu yako. Mashine ikiharibika, majina yapo wapi kwingine? Nijibu hilo tu, nilale.

Dada yako,
Benta

Homa Bay, 15 Aprili

Caleb,

Naomba hii ikukute mzima. Hukunijibu. Tovuti imefungwa tangu Jumatatu ya wiki jana na simu yako haipatikani. Liz anasema unatoka asubuhi na daftari, unapanda bodaboda, na ukiulizwa unakoenda unamhimiza dereva aondoke. Kama unaumwa, sema. Kama nimekukosea, sema pia. Wodi yote inaniuliza.

Dada yako,
Benta

Kehancha, 19 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mwili ni mzima. Mengine sijui nianzie wapi.

Barua yako ya Machi niliisoma siku ileile. Nikasema nitaweka bakap kesho, nakala ya pili mahali pengine. Kesho ikawa wiki tatu. Jumatatu ile diski ya seva ilikufa. Niliwapigia wenye mashine. Kijana akaniambia kwa upole, "Mashine ni yetu, ndugu, lakini vilivyokuwa ndani ni vyako." Siku hiyohiyo wakanipa nyingine, tupu.

Nilizima simu kwa aibu. Tangu hapo nazunguka makanisani na sokoni, kila mahali tulipowaandikisha watu, nikiwaomba upya. Nimefikisha 297. Nilitaka nikuandikie nikiwa nimemaliza.

Ndugu yako,
Caleb

Homa Bay, 24 Aprili

Omera,

Nimeshukuru kujua u mzima. Hilo nimelitanguliza kwa sababu linalofuata ni zito.

Ijumaa tarehe 11 tulimpoteza Roseline, mama wa watoto wawili. Kundi lake la damu lilikuwa adimu, na bila tovuti hatukumpata mchangiaji. Daktari anasema labda hata damu ingefika, angekuwa ameshachoka. Labda. Sikukueleza katika barua ya tarehe 15 kwa sababu hasira ndiyo ingeandika, si mimi.

Sikufichi, Caleb, na sikufukuzi. Fungua tovuti na hao 297. Usingoje watimie.

Dada yako,
Benta

Uriri, 6 Mei

Dada yangu,

Sikuweza kukujibu mapema. Liz ndiye aliyenisomea barua yako mara ya pili, mimi nilishindwa.

Tovuti iko wazi. Kila siku saa sita mchana nakala mbili za majina zinatoka kwenye seva, moja inakuja kwako, nyingine kwa Liz, na nywila nimewapa nyote wawili. Tumefika 431.

Leo hapa sokoni mzee mmoja, Mochama, ameniuliza kwa nini nataka damu ya watu. Nimezoea kujibu kwamba ni ya hospitali. Leo nimemwambia kuhusu Roseline, na kwamba majina yalipotea mkononi mwangu. Aliinuka, nikadhani ataondoka. Akasema, "Andika jina langu." Kisha akamwita mkewe aliyekuwa akiuza dagaa wa omena, akamwambia, "Njoo, kaa hapa, huyu anahitaji na lako."

Ndugu yako,
Caleb