Kona Isiyolimwa

Jumatatu, Januari 5

Mabua tena. Siku ya nne tunakata na kuchoma. Moshi umeniingia kifuani. Mgongo unauma upande wa kushoto kama kawaida.

Chai ya saa nne Simiyu alikuja kukaa na sisi. Ni meneja wa shamba lote lakini chai huinywea hapa, kwa sababu ya Barasa, dereva wa trekta. Walitahiriwa msimu mmoja kwao Tongaren. Wabukusu wa namna hiyo huitana bakoki. Bakoki anaruhusiwa kukutukana mbele ya watu na kula chakula chako bila kuomba, na wewe huruhusiwi kukasirika. Leo Simiyu alimnyang'anya Barasa kikombe, akanywa, akasema chai ya mtu mwenye kichwa cha punda ina ladha ya nyasi. Barasa akamjibu kwamba punda ndiye anayemlimia, kazi yake yeye ni kunenepa tu. Tulicheka. Niliwaonea wivu. Kwetu ni Kitui. Hapa Kwanza, karibu na Kitale, hakuna mtu wa kunitukana hivyo.

Kanisa letu la mabati hapa shambani halina mchungaji tangu Novemba. Simiyu anasema atamweka Barasa. Nilidhani ni mzaha.

Jumapili, Januari 11

Haukuwa mzaha. Washirika walimchagua Barasa kwa kuinua mikono, na Simiyu amesimama mlangoni akihesabu. Nani angeacha mkono chini. Mimi ni katibu wa kanisa kwa sababu nilifika darasa la sita, kwa hiyo niliandika: wote wamekubali. Simiyu amemnunulia suti.

Barasa alihubiri dakika chache. Hakutoa utani hata mmoja.

Baada ya ibada alizunguka nyuma ya kanisa, kwenye makaburi. Huko wamelala vibarua waliofia hapa na watoto wao, watu wa mbali ambao hatukuweza kuwasafirisha. Misalaba mingi imeliwa na mchwa. Akaniuliza kaburi langu ni lipi. Nikamwonyesha. Akauliza jina. Nikasema Mwende, alikuwa na miaka minne, homa. Ni miaka mitatu sasa, na hakuna mtu wa hapa aliyewahi kuniuliza jina lake.

Akaanza kuniita Baba Mwende.

Jumatano, Januari 21

Simiyu aliniita ofisini. Mwenye shamba anakaa Nairobi na anataka ile kona ya makaburi ilimwe kabla ya mvua, iongezwe kwenye mahindi. Anataka barua ya kanisa kwamba hatuna pingamizi. Simiyu akifanikisha atapewa kusimamia shamba la pili.

Nilimwambia mtoto wangu yuko pale. Akasema anajua, pole, lakini mchungaji ameshakubali. "Barasa ni wangu, Mkamba. Unafikiri nilimweka pale aombe?" Akasema nikisaini nitaandikwa kazi ya kudumu, niache kibarua cha siku.

Barua za kanisa letu katibu husaini kwanza, mchungaji mwisho. Ndiyo desturi. Kwa hiyo pale pa Barasa palikuwa wazi na sikushuku. Nilijiambia wakubwa wameamua. Pia nimechoka. Nilisaini.

Sikula jioni.

Ijumaa, Januari 23

Barasa hakuwa amekubali chochote. Hakuwa hata ameambiwa. Leo ndiyo ameonyeshwa barua, jina langu likiwa limemtangulia.

Alinikuta ghalani. Hakukasirika. Afadhali angenipiga. Aliuliza kitu kimoja tu. "Ulisaini ukijua ni Mwende?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa polepole, akaenda.

Saa nane alirudisha ufunguo wa trekta na ile suti, imekunjwa vizuri, akaviweka mezani kwa Simiyu. Simiyu alicheka, tukamsikia hadi nje. Alidhani ni utani wao. Halafu kicheko kikakatika.

Jumatatu, Januari 26

Barasa ametolewa kwenye nyumba ya dereva. Analala kanisani, kwenye saruji. Simiyu ameagiza mfereji wa maji wa kanisa ufungwe. Nyapara ametangaza kwamba atakayeonekana huko amejifuta kazi. Simiyu hanywi chai na sisi tena.

Nilipishana na Barasa njiani amebeba maji ya mtoni. Alinisalimia. Niliangalia jembe langu. Mimi ni mwoga. Naandika kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, Februari 5

Nilitumwa kukata ua nyuma ya kanisa. Saa sita Simiyu aliingia ndani peke yake. Hawakujua niko. Mabati hayafichi kitu.

Alianza kwa upole. Aliuliza kama amekula. Barasa akasema amekula, maana siku hizi bakoki wake haji kumlia sahani. Wakacheka kidogo. Kisha Simiyu akasema, "Si usaini tu bana, tumalize hii maneno. Mimi ndiye nilikuweka hapa."

"Uliniweka. Ungeweka mwingine."

"Wale ni wafu wa watu wa mbali. Hata wenyewe wamewasahau. Mkamba amesaini, na ni mtoto wake."

Niliweka panga chini.

"Mkamba alichoka," Barasa akasema. "Mtu akichoka ndiyo anahitaji mchungaji."

Simiyu akaanza kusema mambo ya zamani. Kwamba walipakwa tope mto mmoja, wakasimama mbele ya kisu alfajiri moja, na leo anawekwa nyuma ya mifupa ya watu wasiojulikana. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Barasa alikohoa muda mrefu kabla ya kujibu.

"Wewe una mimi, na utakuwa na mimi. Hawa hawana mtu."

Simiyu alitoka. Alikanyaga matawi niliyokuwa nimekata na hakuniona.

Jumanne, Februari 10

Kikohozi cha Barasa kinasikika hadi kwenye foleni ya kazi. Hakuna anayesema kitu. Hata mimi.

Jumanne, Februari 17

Leo asubuhi kikohozi hakikusikika. Hapo ndipo niliogopa.

Nilijaza jerikeni nikapita nalo mbele ya ofisi, mchana kweupe. Nyapara aliniita mara mbili. Sikugeuka. Nilimkuta Barasa amelala chini ya meza ya madhabahu, mwili moto kama jiko, midomo imepasuka. Nilimnywesha. Maji yalirudi. Nikamwomba msamaha. Sijui kama alisikia.

Nilikimbia ofisini nikamwambia Simiyu bila hodi. Aliacha simu ikiongea mezani. Alimbeba Barasa mwenyewe mgongoni hadi kwenye pikapu, meneja mzima, viatu vimejaa vumbi. Nilikaa nyuma nimeshika kichwa cha mgonjwa mpaka Kitale.

Daktari alisema ni mapafu. Alisema tumechelewa. Simiyu akauliza tumechelewa siku ngapi, kana kwamba angeweza kwenda kuzichukua.

Alhamisi, Februari 19

Barasa amekufa saa tano asubuhi. Simiyu alikuwa amekaa kitandani kwake. Alikuwa anamwambia, "Bakoki, amka unitukane." Alisema hivyo mara nyingi. Hata muuguzi alipovuta shuka, bado.

Jumamosi, Februari 28

Tumemzika Tongaren, nyumbani kwa baba yake. Nilienda na vibarua sita. Hatukuomba ruhusa.

Simiyu alichimba kaburi pamoja na vijana tangu asubuhi. Hakutaka kupokelewa jembe. Mama yake Barasa alimletea uji na kumwita mwanangu, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Alipokea kikombe, akashindwa kunywa. Alipopewa nafasi ya kuongea alisimama mbele ya watu wote akasema, "Nilimnyima maji." Basi. Akaketi. Watu wakaanza kunong'ona. Mimi nilikuwa najua ilipaswa nisimame pia. Sikusimama.

Jumanne, Machi 3

Simiyu amempigia mwenye shamba, amekataa ile kazi ya kulima kona. Tumesikia hatakuwa meneja baada ya mwezi huu. Alinipa ile barua. Jina langu peke yake. Nimeichoma pamoja na mabua ya mwisho.

Mwenye shamba amesema kona iachwe kwanza, hataki maneno. Kwa hiyo makaburi yamebaki. Watu wanasema tumeshinda. Sijui nani huyo aliyeshinda.

Jumapili, Machi 8

Hakukuwa na ibada. Tulikaa tu kwenye mabenchi, kisha tukatoka mmoja mmoja. Niling'oa magugu kwa Mwende. Udongo mkavu sana.

Nilimpigia simu mama yake huko Kitui. Nilimwambia yote, hata kwamba nilisaini. Akauliza mchungaji amezikwa wapi.

Nikasema Tongaren, kwao.

Akasema afadhali yeye alipelekwa nyumbani.