Jina Ulilonikataza Kulitaja

Baba yangu Fundi,

Naanza na jina hilo kwa sababu ndilo uliloitikia kwa furaha. Tanga watu walikuita kutoka ng'ambo ya barabara: "Fundi, kisigino kimeniaibisha!" Ukacheka, misumari ikiwa mdomoni.

London ukawa Mohan Ramji Kanji: jina lako, la baba yako, la babu yako, kama wanavyoandikwa Wahindi wa kwetu. Afisa alitaka jina la ukoo, ukampa la babu, yakaisha. La ukoo wenyewe, Mochi, lilibaki kwenye pasipoti ya zamani. Pale ghalani Edmonton, ulikofanya kazi, hakuna aliyejua kwamba unashona viatu. Vyetu ulivitengeneza jikoni, pazia limefungwa, nami nikakutania kwamba unaficha magendo.

Siku niliyoalikwa Kingsbury kwa mama yake Jayesh, mchumba wangu, ulinisindikiza hadi kituo cha basi. "Wakikuuliza jina, sema Kanji. Usiongeze kitu, mama."

Nikaongeza. Mama yule alisema Kanji ni jina la mtu tu, sasa ninyi ni kina nani? Mimi na kiherehere changu nikadhani ni kama kuulizwa kabila Tanga: unataja, mnataniana, chai inaendelea. Nikasema, "Mochi, aunty. Mafundi viatu," tena kwa kujigamba.

"Kumbe wa viatu," akasema, kwa Kiswahili chake cha Kisumu. Akakusanya vikombe akavipeleka jikoni. Changu kikabaki mezani, kwani kwao ukoo unaoshika ngozi ni najisi.

Jayesh alikuwepo, akatazama simu yake. Wiki hiyohiyo aliniandikia kwamba mama yake hali wala halali, bora tuachane.

Hasira zote nikakumwagia wewe. "Hukuweza kutuzaa na jina lenye heshima?" Uliinama ukanivua kiatu, ukasema, "Soli imeachia, nikushonee." Nilikunyang'anya, Baba. Nikakitupa kwenye pipa la taka mbele ya macho yako.

Sasa umekwenda. Jumatatu, nilipoandikisha kifo chako, karani aliniuliza kwa upole kama uliwahi kutumia jina lingine. Pasipoti ilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nikasema, "Hapana." Nilijiambia nakutii. Uongo mtupu, niliona haya, na tulikuwa wawili tu chumbani, mimi na mtu asiyejua Mochi ni nini.

Leo nimefungua sanduku lako la vifaa nikakikuta kile kiatu. Ulikiokota, ukakishona, ukakihifadhi. Nimekivaa mguu mmoja, nikakaa sakafuni nikalia mpaka sauti ikakauka.

Pazia la jikoni nimelifungua. Kwa karani nitarudi kesho na pasipoti. Nisamehe, Fundi, na pumzika.

Mimi mwanao,
Binti Mochi